Walimgeuza Mama Kimya Kimya

Toamasina, Alhamisi 21 Agosti 2014

Kaka Herizo,

Nimepoteza siku ya Mama. Niliipoteza Jumamosi iliyopita, tarehe 16, kati ya saa nne asubuhi mlipofungua kaburi na saa saba mchana mlipolifunga, nami nikiwa nimelala chali hospitalini huku pwani, mguu umefungwa plasta kutoka kidoleni hadi pajani. Mguu utapona. Siku ile hairudi mpaka miaka saba ipite, na mimi nina miaka hamsini na minne na shinikizo la damu, kwa hiyo hesabu hiyo ifanye mwenyewe.

Nakuandikia kwa sababu simu yako inaita mpaka inachoka. Karatasi haina kitufe cha kuzima.

Habari nimezipata kwa Ratsimba, kiongozi wa wapiga tarumbeta, siyo kwako. Alinipigia juzi na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Anasema walifika watu saba alfajiri kutoka Antsirabe, wakapuliza wimbo mmoja tu pale kwenye kilima cha kuingilia kijijini, na kabla wimbo haujaisha ukatokea wewe, suti nyeusi, kiganja mbele, kama mtu anayesimamisha mkokoteni. Ukawaambia waweke vyombo vyao kwenye zizi la ng'ombe. Wakalishwa wali wa mafuta na nyama ya nguruwe kama wageni wasio na kazi, wakarudishwa kwao. Aliniuliza, "Dada, tumekosa nini?" Mimi ndiye niliyewaita.

Sasa nijibu wewe. Kwetu siku ya kuwatoa wazee kaburini na kuwavisha sanda mpya ni siku ya kucheza nao. Hivyo ndivyo tulivyomgeuza Babu, na hivyo ndivyo tulivyomgeuza Baba, Mama mwenyewe akiwa mbele. Nani alicheza na Mama? Alibebwa begani na nani, akazungushwa kaburi mara ngapi? Nani alimwambia kwamba Fanja wangu amejifungua mtoto wa kike na amempa jina lake? Nilikuagiza hilo kwa mdomo na kwa maandishi. Na ile sanda ya hariri ya msituni niliyoipeleka kwa mkono wa Fanja, rangi ya chai iliyokolea, ukingo mwekundu, wanawake wa Arivonimamo waliifuma tangu Oktoba mpaka Julai. Ilimfika?

Nasubiri.

Mdogo wako,
Voahangy


Ambohimanjaka, Betafo
27 Agosti 2014

Mpendwa dada Voahangy,

Amani ya Bwana iwe nawe, na mguu wako upate nafuu.

Barua yako nimeipokea. Nimeisoma kama kaka mkubwa na kama mzee wa kanisa, na kwa yote mawili imenisikitisha. Unazungumza kana kwamba nimemwibia mtu. Nilichofanya ni kumpa Mama heshima ambayo hapa kwetu hakuna aliyewahi kupewa.

Miaka ishirini na miwili nimeishi kisiwani Reunion. Nimeona jinsi wenzetu wanavyowaheshimu wafu wao. Watu wanavaa nguo nyeusi, wanapanga mstari mmoja, hakuna anayekohoa. Nikakumbuka kugeuzwa kwa Baba: mjomba amelewa pombe ya miwa, ameteleza na kumwangukia Babu, na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Kweli hiyo ndiyo taadhima? Mbele ya mifupa ya waliotuzaa, mtu anarusha makalio?

Nilimwalika mchungaji kijana kutoka Antsirabe pamoja na mkewe. Tuliimba nyimbo mbili kwa sauti ya chini. Akasoma, akaomba kwa muda mrefu. Niliandika majina ya wazee wote sita kwenye kadi, kila mmoja akawekewa kadi yake juu ya mkeka wake, ili pasiwe na zile kelele za kuitana mlangoni mwa kaburi. Watu zaidi ya mia mbili walikuwepo na hata mbwa walinyamaza. Mambo yalikwisha kwa utaratibu. Wengi wamenipongeza.

Kuhusu sanda yako, ilivalishwa. Ilikuwa nzuri.

Ibada si soko la Ijumaa, Voahangy. Wewe umezoea kelele za bandarini, kwa hiyo ukimya unaona ni upungufu. Jifunze kuuvumilia.

Kaka yako katika Bwana,
Herizo


Toamasina, 2 Septemba 2014

Kaka,

"Ilivalishwa." Mimi nikipewa hati ya mzigo inayosema mchele ulipakiwa, sitii sahihi mpaka nijue nani alipakia, kwenye lori lipi, na magunia mangapi. Nani aliivalisha? Mikono ya nani? Kwa desturi ni mikono yako, wewe mwanawe wa kwanza, na yangu. Yangu ilikuwa huku. Yako ilikuwa wapi?

Mambo mengine yote niliyouliza umeyaruka. Fanja na mtoto umewaruka. Basi ngoja nikuambie alichoniambia Fanja, maana naye alikuwepo, amesimama pembeni na mtoto mgongoni. Alipotaka kusogea amwonyeshe Mama kitukuu chake, mke wa mchungaji wako alimshika kiwiko akamrudisha nyuma kwenye mstari. Mtoto alilia, Fanja akaambiwa ampeleke mbali. Wanawake waliokuja kuchukua vipande vya mkeka ili wapate kuzaa waliondoka mikono mitupu, kwa sababu mikeka ilikunjwa kama mabango ya mkutano na kurudishwa ofisini kwa kanisa. Yule mke wa Solofo ana miaka sita kwenye ndoa bila mtoto. Alitembea tangu alfajiri.

Unanifundisha taadhima. Sawa, tuizungumze.

Mama alikuwa na taadhima kuliko wewe na suti yako. Unakumbuka alivyopima mchele jioni? Alikaa kwenye kile kigoda, gunia kushoto, sufuria kulia, kopo la maziwa mkononi. Alijaza kopo, akalisawazisha kwa kidole cha shahada polepole, akamwaga. Watu kumi, makopo matano. Wakati huo hakuna aliyeongea. Baba mwenyewe, na ukali wake wote, alisimama mlangoni na jembe begani akisubiri amalize. Punje ikianguka, aliiokota. Hakutuambia tunyamaze hata siku moja. Tulinyamaza kwa sababu tulimwona yupo hapo, mzima mzima, na hayupo kwingine.

Na huyohuyo kanisani alikuwa anacheka. Alimcheka shemasi kwa viatu vyake vinavyolia kama bata, mpaka akajifunika uso kwa shali. Na siku ya kumgeuza Babu alimbeba begani akacheza naye mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka, na hakurudi kukiokota. Alimpigia Babu hadithi za miaka saba, nani kaoa, nani kafungwa, ng'ombe yupi kafa. Alikuwa anafanya mzaha? Alikuwa yupo hapo, mzima mzima, kama alivyokuwa kwenye mchele. Wewe umechukua kununa ukaita taadhima. Uso uliokunjwa hauhitaji moyo, Kaka. Mtu anaweza kuukunja huku anawaza chakula cha mchana.

Mimi nilimlilia Mama tulipomzika. Nililia siku tatu, nikalia tena nilipofungua duka, wateja wakanikuta nimeegemea mizani. Niliambiwa, lia sasa, maana siku ya kumgeuza machozi ni mwiko, siku ile ni ya furaha. Nikalia yote. Nikangoja miaka sita nikitunza furaha yangu. Wewe hukuwepo kwenye mazishi. Hukubeba jeneza, hukulia, hukukesha. Ukaja baada ya yote na kadi zako ukanifungia mlango.

Sanda iko wapi? Nijibu hilo tu.

Voahangy


Ambohimanjaka
7 Septemba 2014

Voahangy,

Umesema sikuwepo. Najua sikuwepo. Huhitaji kunikumbusha.

Sanda iko kaburini, mahali pa sanda. Mlango umesakafiwa kwa simenti. Desturi unayoipigania inasema kaburi halifunguliwi hovyo, mpaka mfu mwenyewe amjie mtu ndotoni aseme anasikia baridi. Hakuna aliyeota. Mambo yamekwisha.

Usiniandikie tena habari hii.

Herizo


Ambohimanjaka, 9 Septemba 2014

Mwanangu Voahangy,

Mimi Mama yako Mdogo Lalao nakusalimu. Goti langu limekataa ngazi za kanisa lakini mkono bado unaandika, na mwandiko wangu ni uleule niliowafundishia watoto wa darasa la pili miaka thelathini na mitano, kwa hiyo usisingizie hukusoma vizuri.

Fanja amenionyesha picha za barua zenu ulizomtumia kwenye simu yake. Umekasirika na una haki, ila umekasirikia nusu ya jambo. Nusu ya pili ninayo mimi, na imekaa tumboni mwangu kama kiazi kibichi tangu siku ile. Nilitaka nife nayo, kisha nikaona huko nitakakokwenda nitamkuta dada yangu, naye ataniuliza.

Unajua utaratibu wetu. Wanaume wako ndani ya kaburi, sisi nje. Wakimtoa mtu mlangoni wazee wanauliza kwa sauti, huyu nani, na walio ndani wanajibu jina, na umati mzima unalirudia kwa kelele, na wenye mtu wao wanamkimbilia, wanambeba, wanamsindikiza mpaka kwenye mkeka. Hizo ndizo kelele Herizo alizoziita za soko. Sasa nikuambie kazi yake. Majina yaliyoandikwa kwenye sanda za zamani yameoza pamoja na sanda. Wazee wanajulikana kwa sauti. Jina likiitwa mara mia, hata mlevi hakosei.

Safari hii walitoka kimya, mmoja mmoja, kama mikate inayotoka tanurini. Kadi zikawekwa juu ya mikeka. Mchungaji akafumba macho akaomba, sote tukafumba, na wewe unaujua upepo wetu wa Agosti. Nilifumbua jicho moja, dhambi yangu hiyo, nikaona kadi mbili zimenasa kwenye ua. Mke wa mchungaji alizikimbilia kwa vidole vya miguu, akaziokota, akaangalia huku na huku, akaziweka alipoona panafaa. Yeye anatoka Antsirabe. Angemjua nani?

Mwanangu, dada yangu hakunifika begani. Furushi lake lilikuwa dogo kama mtoto aliyelala. Na nyanya yenu Ravao, mama wa baba yenu, alikuwa anainama kila mlango. Nimeiona hariri yako, nimeona ukingo mwekundu, ikifungwa kwenye furushi refu. Haikutosha miguuni, wakaongezea kitambaa. Mama yako akafungwa shuka la pamba lililobaki.

Amevishwa Ravao. Yule yule aliyekataa kula wali uliopikwa na mama yako miaka kumi na mmoja, akisema mikono yake inanuka zizi la nguruwe. Nadhani ameshangaa hata yeye.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Nilifungua mdomo. Herizo alikuwa ng'ambo ya pili, akaniona, akaweka kidole midomoni. Mimi niliyenyamazisha vizazi viwili kwa kidole nikanyamazishwa kwa kidole. Nilipojaribu tena, hakuwepo. Alikuwa ameondoka kwenye mikeka kabla ya sanda kufungwa, amekwenda nyuma ya kaburi, na alikaa huko mpaka kila kitu kilipokwisha. Kwa nini, sijui. Muulize.

Kuhusu ndoto, kama anataka ndoto mimi naweza kuota leo hii, nikila maharagwe jioni. Lakini sidhani dada yangu angependa nimdanganyie.

Utunze mguu.

Mama yako Mdogo,
Lalao


Toamasina, 13 Septemba 2014

Herizo,

Nimeisoma barua ya Mama Mdogo Lalao nikiwa nimekaa, na nashukuru mguu ulinikalisha, maana ningesimama ningevunja kitu.

Hariri yangu amevaa Bibi Ravao. Mama yetu amelala kwenye shuka la pamba, pembeni ya mwanamke aliyemdharau mpaka siku ya kufa, na mwanamke huyo amejifunga zawadi ya Mama. Ungekaa mwaka mzima ukitafuta njia ya kumtukana Mama usingepata hii. Imepatikana kwa kadi na utaratibu.

Ungeacha watu waite majina, watu mia mbili wangekuambia. Mama Mdogo alijua. Walioinua furushi walijua, anayebeba hujua uzito. Wote walijua na wote walinyamaza, kwa sababu uliwafundisha siku hiyo kwamba kunyamaza ndiyo heshima. Hukupata heshima, ulipata woga. Nimefanya biashara miaka thelathini, tangu nilipokuwa na beseni moja la matunda ya lichi kichwani mpaka sasa nina maghala matatu, na nakuambia hivi: ghala ambalo hakuna anayepiga kelele ndilo linaloibiwa.

Lakini hilo ni kosa la upepo na la mke wa watu. La kwako ni jingine. Uliondoka. Mama yako anafunguliwa mbele yako, mwanawe wa kwanza, na wewe ukaenda kusimama nyuma ya kaburi mpaka wengine wamalize. Ulimwonea kinyaa. Reunion ilikufundisha kwamba mifupa ni uchafu, na suti haitaki vumbi. Uliogopa kumgusa. Ndiyo maana ukaita ukimya: penye kelele na kucheza wangekuvuta mkono ubebe, penye kimya unaweza kutoroka bila mtu kuuliza.

Sema si kweli.

Voahangy


Ambohimanjaka
17 Septemba 2014

Voahangy,

Si kweli.

Nimeanza barua hii mara nyingi kwa maneno ya kanisa nikaichana. Hii naiandika bila hayo, na ukimwonyesha mtu yeyote, hata Fanja, sitakuwa na dada.

Sikumwonea kinyaa. Nilimwona. Sanda ya zamani ilipoachia upande wa kifua nikaona sufi ya bluu. Ile sweta. Niliituma kwa posta mwaka wa tatu nikiwa kule, kwa sababu aliandika kwamba Julai ya Betafo inamwingia mifupani. Sikujua mlimzika nayo. Hakuna aliyeniambia. Bluu yake haijafifia.

Basi machozi yakanitoka. Siyo ya kufuta kwa leso. Yalitoka na sauti, na wewe unajua kumlilia mzee siku ya kumgeuza ni kumtukana, ni kama kumwambia bora asingekuja. Watu wangesema mtoto wake mkubwa amemfukuza mama yake kwa kilio. Nikakimbilia nyuma ya kaburi, nikajiziba mdomo kwa tai, nikalia nimechuchumaa kama mtu anayejisaidia. Mzee wa kanisa. Nilipotoka huko, kaburi lilikuwa linafungwa.

Unasema wewe ulilia siku tatu. Mlikuwa na siku tatu nzima, na watu, na kahawa, na mkono wa kushika. Mimi nilipigiwa simu nikiwa kwenye ghala la sukari, nikaambiwa amefariki, laini ikakatika, na msimamizi akasema Herizo, lori linangoja. Nikaenda kupakia. Karatasi zangu za ukaazi hazikuwa zimetoka, ningevuka nisingerudi, na watoto wangu walikuwa shuleni. Nilipakia mpaka jioni. Usiku huo sikulia, kesho yake sikulia, ikawa nimenyamaza miaka sita. Halafu narudi nyumbani naambiwa, haya sasa, cheza. Nicheze nini? Sijazika.

Tangu Juni, mnajimu alipotaja siku, nilijua sitaweza. Nilijua tarumbeta zikipulizwa nitaanguka mbele ya kijiji kizima. Kwa hiyo nikatafuta siku ambayo mtu akiinamisha kichwa haulizwi. Nyimbo za chini, nguo nyeusi, kila mtu na uso wake. Nikaita taadhima. Labda ilikuwa hivyo kwangu. Sijui tena.

Kadi iliyokuwa juu yake sikuitazama; habari yake na ya sanda nimeipata kwako. Nilipomwekea Mama Mdogo kidole nilidhani anataka kuanza kuimba. Namwomba radhi na nakuomba radhi. Lakini naomba uelewe siwezi kufungua. Nikifungua mwezi mmoja baada ya kufunga, lazima nisimame mbele ya watu niseme sababu, na sababu ikianza kusemwa itasemwa yote. Mchungaji ataulizwa, mkewe ataulizwa, mimi nitaulizwa nilikuwa wapi. Na hata tukifungua tutafanya nini? Huwezi kumvua Bibi sanda. Mzee akishavishwa amevishwa.

Tuache. Miaka saba si mingi. Nitamvisha mwenyewe kwa mikono yangu, nakuahidi.

Herizo


Toamasina, Jumatatu 22 Septemba 2014

Kaka Herizo,

Barua yako nimeisoma, na hakuna aliyeiona. Sweta nilimvisha mimi. Alikuwa ameiomba. Nilidhani unajua, nikadhani hukujali kuuliza, na nimekaa na kinyongo hicho miaka yote hii bila kukisema. Hilo ni langu, nalibeba.

Nimekulilia, kisha hasira ikarudi palepale ilipokuwa, na nitakuambia kwa nini. Ungenipigia simu Juni ukasema, Voahangy, sijalia bado, ningekuja na mguu mzima. Ningekufungia ndani ya jiko la Mama wiki nzima ukalia mpaka ukauke, na hakuna mwiko unaokataza hilo, mwiko ni wa siku yenyewe tu. Hukutaka kuonekana. Ukachukua siku ya watu mia mbili ukaifunika juu yako kama blanketi. Fanja alirudishwa nyuma na mtoto wake, mke wa Solofo alirudi bila mkeka, Ratsimba alikula tarumbeta zikiwa zizini, na Mama hakuitwa jina lake na mtu hata mmoja. Wote hao wamelipia machozi yako. Kilio chako kilikuwa haki yako. Kutufanya sisi sote ukuta wa kujifichia haikuwa haki yako.

Unasema miaka saba si mingi. Mama Mdogo Lalao ana sabini na tisa. Ndiye peke yake aliyebaki anayewatambua wote sita kwa urefu na kwa upana. Mimi hesabu yangu unaijua. Wewe una sitini na mmoja na unakohoa. Ukingoja 2021, atakayesimama mlangoni kuuliza huyu nani atakuwa ni mtu asiyemjua hata mmoja wao, na kosa lenu litakuwa ndiyo ukweli. Mama atakuwa Ravao na Ravao atakuwa Mama, milele, na wajukuu watamwagia pombe mtu asiye wao.

Kwa hiyo nimepanga hivi.

Bibi Ravao hatumvui. Simvui mtu nguo, hata yeye. Avae hariri, na akikutana na Mama huko amweleze aliipataje.

Mama atavaa ya kwangu, niliyojiwekea ya kuzikiwa. Hukujua kama ninayo. Niliinunua mwaka niliofungua ghala la pili, hariri ya msituni vilevile, ikakaa kwenye sanduku juu ya kabati ikinisubiri. Mimi nitafumiwa nyingine, na nikiwahi kufa nifungeni shuka, nimeshazoea wazo hilo.

Kibali cha wilaya Mama Mdogo amekwisha kukiomba kwa jina lake, sababu ameandika ukweli: mfu amevishwa kwa makosa. Ndoto hatukuitaja. Mnajimu anatoa Jumanne tarehe 30, saa tatu asubuhi, na baada ya hapo msimu umekwisha, mvua zinakuja. Ratsimba amekubali kurudi. Nilidhani atakataa, akasema kwa Mama yenu nitapuliza hata bure, nikamwambia bure haipo. Nami nitakuja kwa magongo, nifike Jumapili. Tutakuwa na Jumapili na Jumatatu jikoni kwa Mama, mimi na wewe, mlango umefungwa. Lia huko. Nitakuwekea chai. Sitasema neno.

Simenti hiyo lakini haivunjwi bila neno la mtoto wa kwanza. Ndiyo desturi, na mimi sitaivunja kwa nyundo ili niilinde. Vilevile wanaume hawataingia ndani mpaka pawepo mtu wa kusimama mlangoni na kuita. Jina la Mama linaitwa na mwanawe wa kwanza. Ukikataa, wengine hawawezi kukuazima mdomo.

Kusema sababu mbele ya watu, utasema unachoweza. Sema upepo ulichukua kadi. Hilo ni kweli na linatosha. Habari ya nyuma ya kaburi ni yako mwenyewe. Mimi nimeisahau tayari. Ila siku hiyo suti usivae, na mchungaji akija aje kama mgeni, akae, ale wali wa mafuta kama wengine.

Barua hii anakuletea Naivo, dereva wangu wa lori la viazi. Atalala Betafo, na Ijumaa tarehe 26 saa sita mchana anaondoka. Nimemwambia asingoje hata dakika moja zaidi na asikubali maelezo, wala aya ya Biblia, wala salamu za mguu wangu. Anataka karatasi yenye neno moja, atanisomea kwa simu, na mimi nitajua kama ninapakia sanduku au silipakii.

Utavunja simenti Jumanne na kuliita jina la Mama kwa sauti, ndiyo au hapana? Kabla ya saa sita.

Voahangy